Mgonjwa Ameamkaje

Mama mkwe wangu alifariki Jumapili, tukamzika Jumanne, na Jumatano asubuhi Sikio likaniuliza ameamkaje.

Nilikuwa nimeinama kwenye tuta la mnavu, macho yamevimba kwa kilio, nikadhani sikusikia vizuri. Nikanyanyuka. "Nani?"

"Nakijwa," likajibu, kwa ile sauti yake ya upole, sauti ya mtu aliyejifunzia Kiswahili kitabuni. "Jumapili ulisema amepumzika. Ameamkaje?"

Sasa hapo mimi niseme nini? Jumapili ile Mama alipokata roho, mimi ndiye niliyekwenda kuliarifu, maana ndiyo sheria: anayezaliwa, anayehama na anayeugua, lazima liambiwe. Nikasema, "Mama amepumzika." Likasema pole. Likauliza, "Atapumzika kwa muda gani?" Hasira zikanipanda mpaka utosini. Nikalijibu, "Milele!" Likasema, "Nimeandika. Mapumziko ya muda mrefu." Mimi nikaenda zangu kuteka maji ya kumwoshea.

Mtaniuliza kwa nini sikusema amekufa. Jamani! Anayekufa ni mbuzi. Kuku anakufa. Mama mkwe aliyekupokea ukiwa na kanga mbili na mimba changa, yeye anafariki, anatutoka, anatangulia, anapumzika. Ningelitamka lile neno pale mbele ya waombolezaji, mawifi zangu wangenisimanga nalo mpaka na mimi nizikwe.

Kwa hiyo Jumatano ile nikalitazama Sikio, kinguzo cha chuma kisichozidi kimo cha kiuno changu, kimesimama penye kona ya bustani na matundu yake ya kusikilizia. Nikajisemea hiki kitu ni kijinga, kitajifunza chenyewe. Nikakijibu, "Hivyo hivyo." Nikaendelea kupalilia.

*

Huku kwetu Upare majira yaliharibika nikiwa msichana. Masika yakaja Agosti, vuli ikasahau kuja, na ile ndiva waliyoichimba wazee, bwawa lililonywesha mashamba ya babu zetu kwa zamu, ikabaki shimo la kuchezea watoto. Tukalima, tukavuna mabua. Ndipo wakaja mafundi wa mradi. Walitandaza nyavu kubwa huko juu mlimani kunasa ukungu, na chini ya kila bustani wakafukia utando wa nyuzi nyembamba unaopeleka yale maji moja kwa moja kwenye mizizi. Juu ya ardhi huoni hata tone. Ukitaka kujua kama umepata, vua ndala ukanyage.

Nyuzi hizo zimegawanywa kwa mishipa, na kila mshipa una nyumba mbili. Mimi mshipa wangu nashirikiana na Mama Ombeni, tumetenganishwa na ua wa masale tu. Sikio langu na Sikio lake huelewana huko chini: makoo mangapi, yaani watu wangapi, kwangu, makoo mangapi kwake, nani anaumwa. Mgonjwa mmoja huhesabiwa kama watu watatu. Maji ni yaleyale. Likikuongezea wewe, limempunguzia mwenzio, hakuna hesabu nyingine.

Fundi aliyetufungia alikuwa kijana mchangamfu wa kutoka mjini. Alituambia, "Ongeeni nalo kama mnavyoongea na jirani." Nasi tukaongea nalo hivyo hivyo.

Kipupwe kile bustani yangu ilistawi ajabu. Niliatika miche ya figiri kwenye kitalu, nikaihamishia matutani, yote ikashika. Mnavu ukawa na majani mapana kama viganja. Matembele yakatambaa mpaka njiani, nyanya chungu zikazaa hadi zikainamisha matawi. Nilijua? Mwezi wa kwanza sikujua. Nilijisifu, nikasema mkono wangu mzuri, na samadi ya mbuzi wa marehemu imefanya kazi. Wa pili nikavua ndala, nikakanyaga, udongo ukanibana vidoleni kwa ubichi. Hapo nikajua. Asubuhi ile Sikio likaniuliza kama kawaida mgonjwa ameamkaje, na mimi, mtoto wa mlokole, nikasema, "Hivyo hivyo, anakushukuru."

Nilinyamaza kwa sababu Elieshi alikuwa amerudi nyumbani.

Elieshi ni mwanangu wa pekee, ana miaka ishirini. Mumewe alishuka tambarare kuchimba visima, akamleta kwangu na tumbo la miezi minne. Akaja amepauka, midomo myeupe, akipanda ngazi mbili anakaa chini. Nikampeleka zahanati. Muuguzi akamchoma kidole, akatazama mashine, akanivuta pembeni. "Mama, damu yake ni saba. Vidonge vya damu hatuna tangu barabara ikatike. Mpe majani. Mnavu, mchicha, matembele, asubuhi na jioni, bila kukosa. Akifika leba na damu hii, sikufichi, tutampoteza."

Nikaliambia Sikio kuwa Elieshi amekuja, likaandika koo moja. Nikaliambia ana mimba na damu yake ni saba. Likasema mimba si ugonjwa, na tumbo halihesabiwi mpaka lilie.

Basi. Nikalima kama kichaa. Alfajiri nanyunyizia jivu kuua vidukari, saa tatu napunguza miche, jioni nachuma. Elieshi alikula mpaka akasema, "Mama, mimi nimekuwa mbuzi sasa." Lakini kidole kilipochomwa tena kilisema nane.

*

Vuli ilikuja na mawingu matupu. Mlimani ukungu ukawa mwembamba, nyavu zikashinda kavu, na maji ya mshipa yakapungua. Kwangu yalipungua kidogo. Kwa Mama Ombeni bustani ikaanza kugeuka rangi.

Nilimwona kila siku kupitia mwanya wa ua. Ana watoto wawili wa kike, Ombeni wa miaka sita na Niwaeli wa miaka mitatu. Alipanda, ikakauka. Akang'oa, akapanda tena. Alibeba maji ya kuoshea vyombo akamwagia shina moja moja kwa kikombe. Mimi kila Jumamosi nilimpelekea bakuli la mboga. Alipokea kwa mikono miwili na goti kidogo, akasema, "Mungu akuzidishie, Mama Elieshi." Nami nikaitikia amina. Nilikuwa nampa mboga zake mwenyewe, jamani, naye ananiombea baraka.

Kiangazi kilipoingia nikampunguzia. Bakuli likawa nusu, kisha nikaruka Jumamosi moja. Tumbo la Elieshi lilikuwa limefika miezi minane na damu ilikuwa nane na nusu.

Asubuhi moja nikasikia, "Hodi humo." Mama Ombeni, amekuja kurudisha bakuli. Huku kwetu bakuli halirudi tupu. Ndani yake alikuwa ameweka limau moja, na nilijua mlimau ule ulikuwa na malimau mawili tu.

"Karibu, pita hapo penye mwanya."

Akapita. Kanga ilimlegea kiunoni, ameisha mwili. Tukasalimiana, za kulala, nzuri, watoto, wapo, mdogo tumbo linamsumbua. Nikanyoosha mkono kupokea bakuli, na Sikio likasema, "Habari za asubuhi. Mgonjwa ameamkaje?"

Mama Ombeni akageuka kumtazama Elieshi, aliyekuwa ameketi kizingitini anachambua mchicha. "Bado unaumwa, mwanangu? Mbona wewe huhesabiwi ugonjwa?"

"Namuulizia Nakijwa," likasema Sikio.

Sijui kama lilimjibu yeye au mimi. Kila Sikio husikia kaya yake tu, ndivyo tulivyoambiwa.

"Bibi Nakijwa?" akasema Mama Ombeni. Akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu asiyeelewa. "Bibi Nakijwa si tulimwosha? Mimi nilimshika kichwa, wewe ukamwagia maji."

Nikalipokea bakuli, nikaliweka juu ya tuta. Akanitazama. Akatazama figiri, akatazama mnavu. Kisha akavua ndala ya mguu wa kulia, akaukanyaga udongo wa tuta langu, akabaki ameuweka mguu pale.

"Una maji," akasema.

"Mama Ombeni..."

"Una maji mengi. Mimi nimewaambia wanangu kwamba mkono wa mama yao mbaya, haushiki mche. Nimemwambia Ombeni ajifunze kwako kulima, asije akarithi mkono wangu." Sauti yake haikupanda, na afadhali ingepanda. "Kila Jumamosi napiga goti!"

"Mwanangu ana damu nane," nikasema. "Ilikuwa saba. Muuguzi kasema..."

"Na wangu wana nini? Wana nini, Mama Elieshi? Nywele za Niwaeli zimekuwa nyekundu, huzioni?"

Nilikuwa nimeziona. Nikamwambia, "Chuma. Chuma unachotaka, sasa hivi, jaza bakuli." Nikaanza kuchuma mwenyewe. Akarudi nyuma.

"Siwalishi wanangu mboga ya marehemu. Kwenda ofisini kukushtaki ni kutwa nzima kwa miguu, na watoto sina wa kumwachia. Kesho asubuhi liambie. Neno moja tu. Likate shauri lenyewe."

Akavaa ndala yake. Limau likabaki ndani ya bakuli, juu ya tuta.

*

Siku ile nzima Elieshi hakusema na mimi. Usiku nilisali. Asubuhi nikaenda kwenye Sikio nimeshajifunga kanga mbili kama ninakwenda msibani.

"Habari za asubuhi. Mgonjwa ameamkaje?"

"Hakuamka," nikasema.

"Pole. Nimeandika: bado amelala, hali imezidi. Nitaongeza maji."

"Hapana! Usiongeze! Sikiliza. Mama alitutoka."

"Ametoka kwenda wapi?"

"Ametangulia mbele ya haki."

"Mbele ya Haki ni kitongoji gani? Hakimo katika orodha. Atarudi lini?"

Ningekuwa na jembe ningekigonga kile kinguzo kikainama. Mungu alimwita, nikasema. Likauliza Mungu ni wa kaya ipi. Neno lenyewe lilikuwa pale kooni. Herufi chache tu, mtoto wa miaka miwili anazitamka akiona panzi ameanguka. Nikafungua mdomo.

"Mama, unagombana na nani?"

Elieshi alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili. Miguu imevimba, viatu haviingii. Chini ya macho rangi ya jivu. Alikuwa amejaribu kuinuka mwenyewe kuchota maji ya kunywa, na hatua nne hizo zimemtoa jasho. Wiki nne zilikuwa zimebaki. Nikapiga hesabu ya matuta mangapi ya mnavu, siku ngapi bila maji kabla haujanyauka, majani mangapi. Haikufika. Kila nilivyopiga, haikufika.

Nikaligeukia Sikio.

"Basi," nikasema. "Amelala. Andika amelala."

Mwanzo lilikosea lenyewe, nami nikaitikia. Siku ile nilisema uongo kwa mdomo wangu, kwa akili timamu, na jua limechomoza. Na bustani ikapata maji zaidi ya jana yake.

Mama Ombeni hakurudi. Asubuhi ile alikuwa amesimama upande wa pili wa ua, niliona kanga yake katikati ya masale. Alinisikia.

*

Niwaeli aliharisha siku nne. Siku ya tano, Ijumaa, mama yake alipiga ukelele mmoja tu, na sisi wanawake wa kitongoji tukaacha majembe tulikokuwa.

Sikuthubutu kuingia ndani alikolazwa. Nilikwenda moja kwa moja jikoni, kwenye mafiga ya nje, nikashika mwiko. Msiba una watu, watu wanakula. Kwenye nyumba ile hapakuwa na mboga hata jani, hivyo nikapitisha kapu langu kwenye mwanya wa ua, nikachuma, nikapika. Watu walikula, wakasifu. Shangazi mmoja akasema, "Mama Elieshi, wewe kiangazi hakikujui." Nikainamia mafiga nikachochea moto.

Kisanduku kilikuwa kidogo, alikibeba mtu mmoja.

Siku ya pili baada ya mazishi, saa nne hivi, Mama Ombeni akapita kwenye mwanya bila hodi. Nikasimama. Nilikuwa nasubiri anipige, na kwa kweli nilitaka anipige.

"Ulisema neno gani?" akaniuliza.

"Neno gani?"

"Usinizungushe. Siku ile ya Bibi Nakijwa. Uliliambia neno gani?"

Macho yalikuwa makavu kabisa. Nyuma yake, penye mwanya, Ombeni amesimama anatafuna ncha ya gauni.

"Sikio langu linaniuliza Niwaeli yuko wapi. Jana limeniuliza, leo limeniuliza. Nikiliambia, tunabaki makoo mawili, na yale maji kidogo yanayokuja yanapungua. Nina huyu mmoja." Akaonyesha nyuma kwa kidole bila kugeuka. "Nifundishe."

"Mama Ombeni, nitaliambia langu. Leo hii, nakuapia..."

"Wiki iliyopita nilisimama pale uani nikakusikia. Sitaki kiapo chako. Nataka neno."

Nikamfundisha. Mungu ananiona, nilimfundisha, mimi na yeye tumesimama kati ya figiri na mnavu, kama mtu anavyomwelekeza mwenzake kupika kitu kigeni. "Sema amepumzika. Likiuliza muda, sema mrefu. Kila asubuhi litakuuliza ameamkaje. Wewe jibu hivyo hivyo, basi."

"Hivyo hivyo."

"Usiongeze kitu. Ukiongeza, hutaweza."

Akarudia kwa sauti ya chini: amepumzika, mrefu, hivyo hivyo. Akamshika Ombeni mkono wakaondoka.

*

Asubuhi ya kwanza nilimsikia kupitia ua.

"Mgonjwa ameamkaje?"

"Hivyo hivyo," akasema.

Udongo wangu ukapungua ubichi, wake ukaanza kulainika. Wagonjwa wawili, mshipa mmoja, mambo yakawa nusu kwa nusu. Nikajiambia labda imekwisha hivyo, labda Mungu ametupatanisha kupitia chuma. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Asubuhi ya pili likamuuliza tena. Alikawia kujibu. Kisha akasema, "Leo ameamka vizuri. Amekunywa uji, nusu kikombe."

Nilikuwa nimeshika mche mkononi. Sikuweza kuupanda.

Asubuhi ya tatu hakukawia kabisa. Alikuwa pale kwenye Sikio kabla halijauliza, nikamsikia anaongea nalo kama mnavyoongea na jirani. "Hajambo! Amelala usiku kucha. Ameuliza kuku, nikamwambia kuku tumeuza. Akacheka. Sasa hivi ameketi juani anacheza."

Na sauti ndogo ikasema, "Mama. Anacheza wapi?"

Alikuwa Ombeni. Mama yake akaendelea kuongea na Sikio. Ombeni akauliza tena, safari hii kwa furaha, na nikasikia miguu yake inakimbia kuzunguka nyumba, upande wa juani, anamtafuta mdogo wake.

Sikufikiri. Ningefikiri nisingeweza. Nikalifuata Sikio langu nikalishika kwa mikono miwili, nikaliinamia.

"Nakijwa amekufa."

"Neno hili halijawahi kutamkwa na kaya hii," likasema. "Tafadhali rudia kuthibitisha."

"Amekufa! Mama mkwe wangu amekufa. Alikufa Jumapili wakati wa kipupwe, nikamwosha mimi na Mama Ombeni, tukamfukia ardhini, yuko pale nyuma ya nyumba, amekufa, haamki, hajaamka hata siku moja!"

Upande wa pili wa ua miguu ya Ombeni ikasimama.

"Pole kwa msiba," likasema Sikio. "Nimeandika. Kaya ya makoo mawili, hakuna mgonjwa. Maji ya kaya hii yatapungua kuanzia sasa."

Nikabaki nimelishika. Nilipogeuka, Elieshi alikuwa ameketi kizingitini, miguu ameinyoosha mbele, mikono yote miwili chini ya tumbo kama mtu anayebeba beseni lililojaa. Alikuwa amesikia yote. Nilidhani atafurahi, maana tangu siku ya limau alikuwa haniangalii usoni. Sasa aliniangalia.

"Na mimi, Mama?" akauliza.

Nikachukua kapu. Nikaanza kuchuma mnavu kutoka tuta la kwanza, majani mapana na machanga, vikonyo, kila kilichokuwa kijani, kabla udongo haujakauka.